Pemba kwenye Kuta za Chumba cha Mama

Mpendwa Baba,

Vita vilipoanza upya, mwishoni mwa miaka ya tisini, mji mzima wa Kamina ulikuwa ukiziba madirisha. Askari walipita jioni katika mitaa ya reli, na nyumba yenye dirisha waliiona yenye mali. Uliziba yetu Jumamosi moja kwa matofali mabichi, ukiwa bado na shati lako la kufundishia. Ulifanya kazi safi. Hakuna aliyetugusa.

Kisha Mama akaanza kulala ameketi. Pumu alikuwa nayo tangu usichana, lakini sasa mbabula, lile jiko letu la makaa, lilikuwa limeingizwa ndani, maana moto uani baada ya giza ulionekana mbali. Mchana nyumba ilikuwa nyeusi, hivyo taa ya kopo iliwaka tangu asubuhi, na masizi yake yakatua kwenye mashuka na kwenye uji. Nakukumbuka umekaa sakafuni kando yake, huku ukitazama kuta. Nilidhani umechoka. Ulikuwa unapima.

Ulitoa matofali mawili mawili juu kabisa, chini ya bati, kila upande wa nyumba. Mkono ungepita pale, bega lisingepita. Ukatoboa vilevile ukuta wa katikati, ili upepo ulioingia upande wa barabara utokee uani. Mbabula ukaihamishia chini ya tundu la nyuma. Moshi ukapata njia, giza likabaki. Chokaa haikupatikana kwa kuwa treni zilikuwa haziji tena. Ukaenda mtoni na kapu, ukarudi na pemba, ule udongo mweupe, ukaukoroga na maji ya muhogo na kupaka kuta zote. Mwanga mdogo wa matundu ukaenea chumbani. Taa ya kopo ikazimwa mchana.

Lakini kwetu Waluba pemba haipakwi ovyo. Ni ya mapacha, ya wafalme, ya kuzungumza na waliokufa. Dada yako, Shangazi Numbi, aliyekuwa amekimbia vita kule Kabondo-Dianda na kufikia kwetu, alisimama mlangoni pa chumba, akapiga makofi polepole kama walivyofanya wazee, akajipaka kidogo kifuani.

"Mulopwe iko wapi?" aliuliza. "Nimusalimie mfalme mbele ya kukaa."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto alikuwa uani. Aliyaona yale makofi na ile pemba kifuani, akaondoka bila moto.

Jumapili, baada ya ibada, wazee wawili wa kanisa walifika. Walikataa viti.

"Mwalimu," alisema mkubwa wao, "weye njo unatusomea Neno. Sasa unaita bankambo, wale waliokufa, mu nyumba?"

"Miye naita mwangaza, tata. Bibi yangu moshi inamuua."

"Basi fungua madirisha."

"Ya kwako iko wazi?"

Mzee wa pili aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mkubwa hakucheka. Alisema uoshe kuta, au uache kusoma mbele ya kanisa.

Nilijua utaosha. Mshahara wa ualimu ulikuwa umekoma zamani, na kusoma kule ndiko kulikokubakiza mwalimu machoni pa watu. Uligeuka ukamuuliza Mama mbele yao: "Mama Ngoie, tuoshe?"

"Jana nililala chini kama batu bengine," alisema Mama. "Mukiosha, nitarudia kulala nimekaa. Lakini jina ni lako."

"Nitakaa nyuma, tata," ulimwambia mzee. "Hata kule Neno linasikika."

Tangu hapo nimekuwa mwandishi wa habari, na nimeandika jinsi hospitali na ofisi nyingi zilivyojengwa. Wahandisi hunieleza mambo ya hewa na mwanga, nami huandika wanachosema. Sikuwahi kumweleza yeyote habari zako. Nimeona leo niziandike kama zilivyokuwa, kwa kuwa bado wapo wanaosema ulirudia mizimu.

Vita vilipokwisha ulifungua madirisha. Hakuna aliyekuita mbele tena, nawe hukuomba. Ulibaki kwenye benchi la mwisho, Mama kando yako, mpaka ulipofariki.

Kwenye mazishi yako alisoma yule yule mzee mkubwa aliyekuzuia, na alisoma vizuri. Walimwekea Mama kiti mbele, akakataa, akaenda kwenye benchi lenu. Wimbo wa mwisho ulikuwa mrefu. Waombolezaji wengi waliacha njiani kwa kilio au kwa kuchoka. Mama aliimba beti zote, hakukata pumzi hata mara moja. Niligeuka kumtazama, na mzee yule pale mbele alikuwa akimtazama pia.

Nakuacha hapa, Baba. Mama hajambo.

Mwanao wa pili,
Kamina