Mkono Kwenye Swichi

Jumatatu, 3 Machi
Ofisi ya umeme tena. Ombi langu la kuunganisha paneli za sola na laini yao limerudishwa. Halina mchoro wa kifaa cha kukata umeme. Fundi Kamanzi alisahau kuuambatanisha. Nimemsema mpaka nikachoka. Kifaa chenyewe bado hakijafika. Ameniambia nisiguse swichi ya paneli mpaka kifungwe na wakaguzi waje: laini ikizimika, umeme wa paneli utakimbilia kwenye nguzo na kumuua anayetengeneza. Sawa. Nimesikia.

Jumanne, 4 Machi
Mvua hapa kwetu Gahanga nzima. Umeme unakatika, unarudi. Mayai kwenye mashine ya kutotolea yako siku za mwisho. Ya mwezi jana yalikufa yote, umeme ulipokatika kutwa. Yakifa na haya, nafunga banda. Paneli zipo tu juu ya bati. Mama mkwe anaziita kofia ya nyumba. Sikucheka.

Jumatano, 5 Machi
Mchoro umepokelewa. Nisubiri. Nimechoka na hilo neno.

Alhamisi, 6 Machi
Upepo wa alfajiri umeangusha waya. Umeme hakuna. Baadaye jua likawaka, kali, huku mashine ikizidi kupoa. Vifaranga walikuwa wameanza kugonga maganda. Niliwasikia. Nikaenda stoo, nikashika swichi. Nisijidanganye hapa: nilijua umeme ungekimbilia wapi.
Kijana wa ofisi ya umeme, aliyekuja kutengeneza waya, akaita kutoka juu ya nguzo, pale getini: "Mama! Nisaidie amazi kidogo, huku juu iko jua mingi!"
Nikauondoa mkono. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Akachukua kikombe, akampelekea kijana maji. Akarudi, akabandika sufuria kubwa. Tukajaza vidumu maji ya moto, tukavipanga kando ya mayai, tukafunika kwa mablanketi. Umeme umerudi jioni. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Zaidi ya nusu wametoka. Wengine wamefia kwenye ganda. Nimewafukia mwenyewe. Banda silifungi.

Alhamisi, 27 Machi
Kifaa kimefungwa. Wakaguzi wamekuja, pamoja na yule kijana wa nguzo. Walipokata laini yao, waya wa nje ulikufa, mashine yangu ikaendelea. Wameridhika. Kijana akasema hajasahau yale maji. Mkubwa wao akauliza, kalamu mkononi, kama tuliwahi kuwasha paneli kabla ya leo.
Nikasema hapana. Ni kweli.
Mama mkwe aliutazama mkono wangu, kisha akaenda kulisha vifaranga.