Tumba Dogo la Juu

Jumatatu, 3 Machi

Miguu inawaka moto. Leo yameingia mayungiyungi debe baada ya debe, yote bado matumba, magumu kama vidole vya mtu aliyekunja ngumi. Nimenyofoa hadi kucha zimekuwa kijani.

Kila shina lina tumba dogo pale juu kabisa. Halichanui. Linakunywa maji ya wenzake bure, basi. Kwa hiyo tunalinyofoa kwa kidole gumba — tap! — linaingia ndoo ya taka. Miaka kumi na mitano mkono wangu unafanya hivyo. Naweza kunyofoa huku nikisengenya, nikila, hata nikisinzia.

Mteja mpya. Bibi mmoja, glavu za kijivu katika joto hili! Shikamoo, marahaba mwanangu. Kachagua shina mwenyewe, jeupe, tumba moja kubwa na lile dogo la juu. Kalifunga uzi wa buluu. Lipelekwe kwa fundi saa wa nyuma ya posta, ametoka kuugua, Ijumaa anafungua kibanda chake tena. Basi na ua lichanue Ijumaa. Na tumba dogo lisinyofolewe, kasema.

Nikamweleza kwamba lile dogo halichanui. Kanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayekuhadithia habari usizoamini. Kaaga, kaondoka.

Bi Mkasi kalinyofoa hata mlango haujajifunga vizuri. Ndiye bosi wangu, tunamwita hivyo kwa sababu mkasi hautoki mfukoni mwake hata siku za mapumziko. Duka lake halitoi shina ambalo halijasafishwa, mteja apende asipende. Bosi ni bosi.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea fundi saa ua lake. Kacheka hadi kakohoa. Nani huyo anamtumia maua mzee asiye na meno? Nikamwambia ni bibi wa glavu. Hamjui. Kasema huenda ni mchumba amechelewa njiani.

Jumatano, 5 Machi

Bwana harusi mtarajiwa kaja na uso wa wasiwasi. Eti kasikia meupe ni ya makaburini. Nikamwambia ni ya makaburini, ndiyo, na ya harusi, na ya wodi ya wazazi. Ua lile lile, kutoka ndoo ile ile. Kaguna. Kachukua meupe.

Ukutani tuna karatasi ya Bi Mkasi ya maana za maua. Jeupe: usafi, na roho kurejea kwao. La waridi, lile linaloumiza kichwa kwa harufu: heshima. La manjano: furaha, ila kwa wengine uongo. La rangi ya chungwa lenye madoa, sisi twaliita chui: kiburi na chuki. Mwaka jana bwana mmoja kampelekea mama mkwe wake chui ishirini, hakusoma ukuta. Hadi leo wanapendana kama chanda na pete! Ndiyo maana karatasi ile naifuta vumbi tu, siiamini.

Na nusu ya yaliyoandikwa pale hata si mayungiyungi. Vile vikengele vyeupe vya bondeni ni ukoo mwingine kabisa, na vina sumu. Lile lililojikunja kama karatasi ya karanga nalo limeazima jina. Mwenye jina lake ni lile la majini, na hilo hatuuzi. Ukilitoa majini linajifunga, hata umbembeleze vipi.

Kitinda kapiga simu. Mtoto anamcheza tumboni kama anahamisha makabati. Daktari kasema atajifungua mwanzo wa mwezi wa nne. Mimba mbili zilishatoka, hii ya tatu imeshika. Simwambii, lakini kila simu yake ikiita moyo wangu unaruka kwanza, ndipo mkono unapokea. Nimemlea tangu ana miaka sita, mama alipotuacha. Ni mdogo wangu, na ni kama mwanangu.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi saa amekufa. Leo asubuhi, mbele ya kibanda, funguo mkononi.

Nimekwenda kutoa pole. Mjukuu wake, yule binti mrefu, kanionyesha ua. Halikuchanua. Lilianza kulegea shingo tangu jana, kasema, leo limelala kabisa. Nikamwambia hutokea. Kweli hutokea.

Jioni hii ilikuwa zamu yangu kumwaga ndoo ya taka. Matumba yote ya Jumatatu yamekuwa kahawia, yanateleza. Isipokuwa moja. Moja limechanua. Jeupe pe, dogo kama kikombe cha kahawa, juu ya uozo ule, na linanukia.

Nimefunga mfuko mafundo mawili. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Bibi wa glavu karudi. Nikampa pole ya fundi saa. Kasema: Mlilinyofoa. Hakuuliza, kasema tu. Nikajibu hapana. Uongo mweupe kuliko maua yenyewe, na sijui kwa nini nilisema.

Safari hii ua ni la binti wa mama mwoka mikate, anayekaribia kujifungua. Tumba kubwa moja, dogo moja. Lichanue Ijumaa. Kavua glavu afunge uzi — vidole vyote vina kutu ya chavua. Ile ya njano-nyekundu inayotia doa. Mimi nikishika maua wiki nzima huwa hivyo, Jumapili imetoka kwa sabuni. Yake imeingia hadi kwenye mistari ya ngozi, kama rangi kwenye mbao.

Shina nimelificha chini ya meza, nyuma ya mabeseni, Bi Mkasi asilione.

Ijumaa, 14 Machi

Mtoto wa kike! Binti mzima, mtoto mzima. Na ua limechanua asubuhi ile ile, mama mwoka mikate kaja mwenyewe kutuambia, mikono bado ina unga. Yote mawili, kubwa na dogo! Miaka kumi na mitano nawaapia watu kwamba dogo halichanui.

Katuletea mikate ya moto. Nimekula mitatu. Aibu imenishika kwa vile nilivyojitisha wiki nzima. Wazee hufa, watoto huzaliwa, na maua tunauza sisi kwa hawa na kwa wale.

Nimepita kwa fundi saa. Kibanda kiko wazi. Yule mjukuu kakifungua, ana miwani ya babu yake puani. Kanirekebishia saa. Nikamuuliza kaanza lini. Ijumaa ile ile, kasema, saa chache baada ya babu, maana wateja walikuwa wamesimama nje na funguo anazo yeye.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, taratibu. Tumba lile la kwenye ndoo halinitoki akilini.

Jumatatu, 17 Machi

Ee Mungu wangu.

Niandike kwa mpangilio. Leo ilikuwa oda ya ukumbi wa harusi. Meupe matupu, ndoo kumi na mbili. Tumeanza kunyofoa asubuhi, Bi Mkasi upande ule, mimi upande huu. Saa nne nikaingia chumba cha baridi kutafuta majani. Nilipotoka Bi Mkasi kaniambia bibi yako wa glavu alipita, shina lake nimekuwekea ndoo ya mwisho, kadi iko hapo.

Nilisikia. Naapa nilisikia. Nikasema haya. Tukawa tunacheka habari za yule bwana harusi, eti sasa anataka kila meza iandikwe kwamba si maua ya makaburini. Ndoo ya tisa, ya kumi. Mkono unakwenda wenyewe. Tap. Tap. Tap.

Kisha kitu chembamba kikanigusa kiganja. Uzi.

Buluu.

Tumba dogo lilikuwa tayari kati ya vidole vyangu. Kidonda cha shina kinatoa maji. Nikageuza kadi nisome anwani, na kabla sijaisoma nilishajua. Mtaa wa Kitinda. Nyumba ya Kitinda. Lichanue Ijumaa.

Bi Mkasi kauliza mbona umekuwa rangi ya jivu. Nikamwonyesha. Kasema afadhali umesafisha, akaendelea kunyofoa.

Tumba nimelileta nyumbani ndani ya leso. Liko kwenye kisosi cha maji, dirishani. Shina nalo liko hapo, ndani ya jagi. Nimejaribu kuyaunga kwa utepe wa duka. Mtu mzima na akili zangu!

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya ujanja. Nimechukua shina jingine, zuri, lenye matumba yake yote, nikalifunga uzi wa buluu wa sanduku la cherehani. Nimempelekea Kitinda kwa mkono wangu. Kafurahi! Kalitia chupa ya juisi, kalisogeza jikoni alione akipika. Nani katuma? Nikasema duka. Kanikumbatia kwa ubavu maana mbele hapafikiki.

Shemeji, mume wa Kitinda, kaniambia pembeni: dada, mbona unamtazama hivyo, unamtia hofu. Nikasema nampenda tu. Nikawaomba waende hospitali wakapime. Shemeji kanishangaa, lakini kaahidi. Yeye ni mtu wa ahadi, ni mwalimu, huandika kila kitu kwenye kidaftari.

Jumatano, 19 Machi

Wamepima. Presha nzuri, mtoto kakaa vizuri. Nesi kasema rudini nyumbani mkalale. Kitinda kanitania: Dada, umekuwa mkunga lini?

Nimecheka. Nikalala mchana, kitu nisichofanya.

Alhamisi, 20 Machi

Kitinda kanitumia picha. Ua la ujanja limechanua leo, yote mawili, mapana kama sahani. Kaandika: Limewahi, Dada!

Limewahi. Siku moja mapema. Nimekaa na simu mkononi hadi chai ikapoa.

La dirishani kwangu, lile lenyewe, shingo imeanza kulegea. Nimelikata upya chini, nimetia sukari, nimetia kidonge cha aspirini, nimelisogeza kivulini. Ujuzi wangu wote. Linainama tu. Lile dogo la kwenye kisosi bado gumu, kijani, kimya.

Kazini bibi wa glavu kaja. Hakuingia, kasimama nje ya kioo. Nikatoka mbio, mikono inadondosha maji, hata shikamoo nilisahau. Kasema lile la jikoni kwa mdogo wako si langu, mwanangu. Hakukasirika. Bora angekasirika!

Nikamshika mkono, glavu na yote. Nikasema bibi, nilikosea, mkono ulikwenda wenyewe, niambie nifanye nini, chukua chochote. Kajibu kwamba yeye huagiza tu. Kunyofoa ni kwetu. Kisha kanipapasa shavu kama mama anavyopapasa, na kaondoka zake upande wa posta.

Nimejitazama kwenye kioo cha duka. Huyu mwanamke wa kwenye kioo ana doa la kutu shavuni, vidole vinne. Kupitia glavu? Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Lipo.

Nimempigia Kitinda mara tano. Mara ya tano kasema Dada niache nipike.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi.

Shemeji kapiga saa moja. Chupa ya uzazi imepasuka. Wiki mbili kabla! Wako njiani. Kitinda kaniongelesha mwenyewe kwenye simu, anahema, anacheka: Dada, mtoto ana haraka kama wewe. Lete ile kanga ya mama.

Nimechukua kanga. Nimetazama dirishani. Tumba kubwa limelala kabisa, kichwa kimegusa kioo. Nimeligeuzia mgongo. Kisosi nimekibeba, nimekifunika kwa karatasi. Usiniulize kwa nini. Nitakiacha wapi?

Hospitali, mchana.

Koridoo ndefu, rangi ya kijani hadi usawa wa bega. Shemeji anatembea, anageuka, anatembea. Walimwingiza saa tatu. Saa sita wakasema bado, yuko vizuri. Saa saba wakapita watu watatu haraka, mmoja anafunga aproni huku akikimbia.

Mwanamke wa benchi la pili ana shada lake. Meupe. Nikamuuliza la nani. La dada yake, kapata pacha. Yamesafishwa vizuri, kasema, kila kilichokuwa juu kimetolewa, na akanisifia duka letu. Kumbe alinunua kwetu.

Nimesali. Nimesema: mimi ndiye niliyekata, basi hesabu iwe kwangu. Nimeisema kwa sauti, Shemeji kageuka kunitazama.

Saa nane na nusu. Nimefunua karatasi. Tumba dogo limepasuka ncha. Mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Peke yake, juu ya maji ya kisosi, bila shina, bila chochote cha kulilisha! Nimejaribu kulifumba kwa vidole. Kwa vidole hivi hivi. Halifumbiki, linasukuma.

Saa tisa na dakika ishirini. Kilio. Kitoto! Sauti kali, ya hasira, ya mtu aliyeamshwa. Shemeji kaniangukia begani, analia, anacheka, anatafuta kidaftari aandike saa. Mtoto wa kiume, kasema nesi mlangoni, mzima kabisa, kilo tatu kasoro.

Kisosini limechanua lote. Koridoo nzima inanukia. Yule wa shada kageuka kutafuta harufu inatoka wapi.

Nimemuuliza nesi, na mama yake je? Kasema daktari anakuja kuzungumza nasi. Nikasema nataka kumpa kanga tu, ni ya mama yetu, kaiomba mwenyewe. Kasema nisubiri. Kaingia chumba cha pili, katoka na viti viwili, kaviweka mbele yetu, kimoja cha Shemeji na kimoja changu.

Hatukuomba viti.