Kilo Arobaini na Mbili za Mama Mkwe

Shoga, nimejifungia stoo ya faili na laptop. Usinipigie, soma tu.

Unakumbuka ile regex, ile amri ya kusaka na kubadilisha maandishi kwenye kompyuta, niliyokuringishia Ijumaa? Ya kubadilisha paundi kuwa kilo kwenye faili zote za wagonjwa hapa hospitali? Inasaka neno "Uzito", inachukua namba inayofuata, inaigawa kwa 2.2. Nilisahau kuilazimisha iangalie kwanza kama ni paundi. Faili mpya zilikuwa TAYARI zimeandikwa kwa kilo. Ikazigawa hizo nazo!!

Leo mama mkwe kaja kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari wa usingizi anapiga hesabu ya dozi, anauliza, "Mgonjwa wa kilo arobaini na mbili yuko wapi?"

Arobaini na mbili! Mama mkwe, shoga! Unamjua alivyojaa.

Akacheka pale kitandani: "Daktari, kilo hizo niliziacha darasa la sita."

Halafu akaninyooshea kidole: "Muulize mkwe wangu huyu, ndiye fundi wa kompyuta zote humu."

Kwa fahari kabisa. Kwa FAHARI. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimewaambia wasimamishe kila kitu. Nazipitia faili mia mbili kwa macho, moja moja.

Maana mama mkwe kaokolewa na mwili wake tu. Hii niliyofungua sasa ni ya mtoto anayefuata kupasuliwa. Kilo tisa, inasema. Nimemchungulia wodini, kafunikwa shuka hadi kidevuni. Hapo nani angeshtuka?

Naenda kumbeba mwenyewe hadi kwenye mizani.