Doa la Babu Wambua

Lornah, nimetoka kwa babu kule Riruta sasa hivi, kanisimulia kisa cha picha yake, na hasira imenijaa.

Mwaka wa 1957 Babu Wambua alipiga picha ya nebula, lile wingu linalong'aa kati ya nyota. Alisimama nyuma ya nyumba akiizungusha kamera polepole kwa mkono kuifuata mbingu. Msimu mzima akapata moja tu safi.

Akapeleka filamu studio fulani mjini isafishwe. Mwenye studio akamrudishia akitabasamu: "Ilikuwa na doa katikati. Nimelikwangua kwa wembe."

Doa, Lornah. Kwenye filamu kinachong'aa huonekana cheusi, na yeye alikwangua nebula yenyewe.

Babu akamuuliza, "Na mke wangu akiwa na kovu usoni?"

"Hilo pia natoa. Bure."

Babu alichukua filamu yake akatoka bila kuaga. Tangu hapo alisafishia picha zake jikoni, nyanya akimshikia taa nyekundu isiyoharibu picha.