Siku Tatu za Mguu wa Baba

Goma, Keshero

Kaka yangu mpendwa Kasereka,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima hapo Butembo pamoja na wifi Charline na watoto. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechoka. Baba anakula, na jana alikaa kitandani bila kushikwa.

Uliniuliza kama kazi ya ukalimani hapa hospitali bado inanifaa. Daktari wetu ni Mwitaliano, mtu wa dawa ya usingizi anasema Kiingereza, karatasi zote ni za Kifaransa, na wagonjwa wana Kiswahili chao. Tangu mwaka jana naandika daftarini misemo ya miguu, maana wodini kwetu miguu ndiyo mazungumzo ya kila siku. Mwingereza akikutania, husema amekuvuta mguu. Mfaransa anayetoroka ameweka miguu shingoni. Sisi tunasema miguu niponye. Mwitaliano akimsifu mtu hodari, husema yuko ndani ya mguu. Nilijivuna sana na daftari hilo.

Kisha wakamleta Baba kutoka shamba la Kibati, amekanyaga kitu kikalipuka. Jumatatu hiyo daktari alisema wakate chini ya goti siku ileile, ili goti lipone. Akaniomba nimuulize mzee kama anakubali.

Ndipo nilipokupigia simu nikasema uje haraka, bila kueleza. Kwetu mwili wa mzee hauguswi mtoto wake wa kwanza asipokuwepo. Barabara ilikuwa imefungwa, najua, usijilaumu. Kufika Alhamisi uozo ulikuwa umepanda, wakakata juu ya goti.

Nasikia umewaambia ndugu kwamba daktari ndiye aliyechelewa, na kwamba utakuja kumshtaki. Usimshtaki, kaka. Jumatatu sikumuuliza Baba kitu. Nilimwambia watasafisha kidonda tu, kisha nikamgeukia daktari nikasema mzee anakataa mpaka mwanawe afike. Ikaandikwa kwa Kifaransa kwamba mgonjwa amekataa, nami nikatia sahihi. Nilijificha tu nyuma ya desturi. Niliogopa kuyatamka maneno yale huku Baba ananitazama.

Alhamisi nilipomwambia kweli, hakulia. Alisema, "Bakate tu, mutoto yangu. Juu ya nini habakuniuliza siku ya kwanza?" Nilijua kwa nini hawakumuuliza, lakini nikamgeukia daktari nikasema mzee amekubali.

Naona aibu, kaka. Goti la Baba limekwenda kwa ulimi wangu, na yeye hajui. Kila asubuhi daktari akipita humsifu kwamba yuko ndani ya mguu, na Baba hunigeukia mimi nimwambie amesema nini, kwa kuwa mdomo anaouamini humu ni wangu peke yake.

Barabara ikifunguka, njoo. Nitamwambia mwenyewe, wewe ukiwepo. Siku hiyo keti upande wake, usikae upande wangu.

Wape wote salamu, watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Masika