Siku Sita za Kusugua Ukingo

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko kwa wakwe zako? Na huyo aliye tumboni, anakuacha ulale? Sisi hapa wazima. Mama analalamikia magoti, na ananilalamikia mimi zaidi, kwa hiyo ujue hajambo kabisa. Anasema usithubutu kunyanyua ndoo.

Umeuliza mara mbili habari za mumeo, nami nikakujibu vijineno tu. Leo nimepiga moyo konde nikuandikie yote. Soma ukiwa umekaa.

Nianze na kioo. Unajua tangu utotoni nilivyokuwa na wazimu wa darubini. Basi nilipata kioo cha duara cha kuundia darubini, upana wa shubiri, unene wa vidole viwili. Kabla hujachimba uso wake ubonyee wa kukusanya nuru, lazima uue kwanza ukali wa ukingo, la sivyo unamegekamegeka na kazi yote inakuwa bure. Unalowesha jiwe la kunolea, unasugua kwa kushuka, unakizungusha kidogo, unasugua tena. Nilijibanza jikoni, beseni miguuni, uji mweupe wa kioo ukinitiririkia mpaka viwikoni. Mama alisema sauti ile inamtia ganzi ya meno, akaniuliza kama ndiyo nimeshaoa kioo, maana mke amenishinda. Kazi hiyo ni ya siku moja. Mimi nilisugua siku sita.

Siku ya pili ndipo walipohesabu vitu vya stoo pale kazini kwetu, mimi na mumeo, wakakuta kioo kimoja hakipo. Mtunza stoo ni mumeo, sahihi ni yake, wakamchukua papo hapo na kumweka mahabusu. Nilirudi nyumbani, sikula, nikashika jiwe.

Jumapili msimamizi wetu alikuja kumpa mama pole. Mama naye, kwa kujivunia mwanawe, akakitoa kioo na kumpakatisha. Msimamizi alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, duara zima, akaniuliza nimekipata wapi. Nikasema kwa muuza vyuma chakavu, nikachekacheka kama mjinga. Akasema hajawahi kuona ukingo laini namna ile, akamaliza chai yake, akaaga. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiamkia yeye kwanza, kabla sijafungua kinywa. Naogopa, dada, sikufichi.

Juzi nilikwenda kumwona mumeo. Amekonda, ila utani hajaacha. Alisema humo ndani anakoromewa kuliko unavyomkoromea wewe. Akauliza magoti ya mama, akauliza mimba, akaniomba nikwambie usilie. Kuhusu funguo za stoo hakugusia kabisa, na alinitazama usoni muda wote.

Funguo alinipa yeye. Siku ile ulipozidiwa akakimbia kukuchukulia dawa, alinirushia bila kuuliza, kwa kuwa mimi ni kaka yako. Kioo ni mimi niliyekichukua. Kilikuwa kimelala kwenye maranda ya mbao miaka na miaka, nikajiambia nani atakikumbuka. Ubavuni kilichongwa namba ya stoo, tarakimu sita. Mwanzoni nilitaka kweli kuua ukali wa ukingo tu. Walipomkamata mumeo nikaanza kusugua namba, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa saba, na ilichimbwa ndani mno.

Sasa kioo hakisemi lolote. Kesi ni Jumatano. Mara mbili nimefika getini kwa polisi na mara mbili miguu imenirudisha. Nilitaka hata kukivunja, nikashindwa, nikakifunga kwenye taulo. Huyo ndiye kaka yako.

Kwa hiyo kilichobaki ni barua hii. Mwandiko wangu wanaujua kazini, kadi zote za matengenezo najaza mimi, na sahihi nimetia. Ukiwapelekea polisi, sitakana hata neno. Ukiichana, mumeo ataendelea kunyamaza kwa ajili yako, na mimi nitamwacha anyamaze, kwa sababu najijua. Nakutwisha uamuzi ambao ni wangu, tena ukiwa katika hali hiyo. Niite mwoga, hujakosea.

Wasalimie wakwe zako. Mama hajui kitu. Yuko ukumbini anamshonea mjukuu wake kofia, na ananihimiza nimalize kuandika ili barua iwahi basi la mchana.

Ni mimi kaka yako, tumbo moja,
Fundi wa vipimo

(sahihi)