Kidole cha Bastola ya Babu

Inzino, 11 Machi 2019

Kwa shemeji Tino,

Pokea salamu kutoka bondeni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti hayakusumbui tena kama ulivyoandika Krismasi. Mimi sijambo. Kifua kilinibana mwezi wa pili, sasa kimeachia.

Kadi yako ya rambirambi ilifika juzi. Nimeiweka kabatini karibu na vikombe, pale ndugu yako Battista alipokuwa akiweka miwani yake. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako uliyaacha kwenye mashine za kiwandani huko Rosario, ng'ambo ya bahari, kwa hiyo tuandikiane tu.

Nina jambo la kukuuliza. Unajua Battista alipostaafu hakuweza kukaa. Alikwenda kwa Marzia, yule mwenye karakana karibu na daraja. Marzia anaunda upya bastola ya jeshi ya mwaka 1889, ile ile aliyorudi nayo babu yenu kutoka vitani. Kuna watu huko nje wanaopenda kukusanya silaha za kale, nao wanataka mpya za muundo ule ule. Wameagiza arobaini. Michoro ya jeshi ilipatikana, isipokuwa ukurasa mmoja: ule wa kidole, kile kipande kidogo kinachosukuma meno ya silinda ili izunguke. Basi Battista akatoa bastola ya babu kwenye droo yetu, wakaifungua, na mashine ikapima kidole chake na kutengeneza vingine arobaini sawasawa.

Battista aliunganisha bastola sita, zote zikazunguka kama saa. Kisha akafa. Oreste, msimamizi, akachukua vipande kutoka sanduku lile lile, akaunganisha ya saba. Ikakwama. Ya nane nayo ikakwama. Zote zinakwama.

Sasa Oreste anasema baani kwamba mzee aliwafungia kufuli akaondoka na ufunguo, ili karakana isiweze kufanya lolote bila yeye. Watu wamecheka. Marzia ni mtu mwema, alikuja Alhamisi na keki, lakini alichokuja kusema ni kwamba muhuri wa Battista, ile herufi B yenye nukta iliyokuwa ipigwe chini ya mpini wa kila bastola, hautapigwa. Akauliza kama aliacha daftari. Nimetafuta. Nimepata orodha ya mbegu za nyanya na vipimo vyake vya shinikizo la damu.

Shemeji, mume wangu hakuwa mtu wa kuficha kazi. Katika familia, wewe ndiye pekee uliyebaki uliyewahi kuifungua bastola hiyo. Nieleze alikuwa akifanya nini.

Shemeji yako,
Ersilia


Rosario, 29 Aprili 2019

Shemeji Ersilia,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kifua kimepona. Mimi niko salama, magoti ni yale yale. Hapa joto limeanza kupungua.

Kuhusu bastola, miaka mingi imepita na mimi siku hizi natengeneza cherehani tu. Huenda ni springi. Springi mpya huwa kali mno. Waambie wajaribu zilizo laini.

Usijali maneno ya baani. Oreste namkumbuka akiwa mtoto, hata wakati huo hakujua kufunga mdomo.

Nisalimie wote.

Shemeji yako,
Tino


Inzino, 20 Mei 2019

Shemeji Tino,

Hujambo? Sisi huku mvua haijakatika tangu Pasaka, na Mto Mella umejaa hadi kwenye mawe ya kufulia. Afya yangu ni nzuri.

Wamejaribu springi laini. Sizo. Marzia amewaandikia wateja kuomba miezi minne, na wasipofaulu atavunja mkataba. Jumapili baada ya misa mke wa Oreste alinisalimia kama mtu anayemsalimia mke wa mfungwa. Sikumjibu vibaya. Nilimuuliza habari za kuku wake.

Sikulaumu kama hukumbuki. Ila kuna jambo dogo nataka kulisimulia, hata kama halisaidii. Novemba iliyopita, asubuhi moja, Battista alirudi nyumbani na kile kidole cha bastola ya babu kwenye leso. Aliketi dirishani akakitazama kwa kioo cha kukuzia. Mimi nilikuwa nikimenya maharage. Mara akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani kufuta macho. Akasema, "Kijana mpumbavu. Na mikono yake mizuri vile."

Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema ni mtu mmoja aliyekuwa na haraka. Kisha akachukua tupa yake ndogo, akaifuta kwa aproni yangu ingawa nimemkataza miaka arobaini, akaomba kahawa na kurudi kazini.

Nilidhani anamsema kijana fulani wa karakana. Nakuandikia kwa sababu ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka vizuri, na sina wengi wa kuwasimulia ambao walimjua akiwa na nywele.

Shemeji yako,
Ersilia


Rosario, 6 Agosti 2019

Ersilia,

Salamu. Natumaini u mzima. Barua yako ilifika Juni. Nimechelewa kujibu, na si kosa la posta.

Kijana mpumbavu ni mimi.

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikwenda Brescia kwa siku mbili. Nilitaka silinda ya bastola ya babu izunguke laini, nikaringe nayo mbele ya binti wa mwoka mikate. Nikayasugua meno yake kwa tupa, nikazidisha. Kidole kikawa hakiyafikii tena. Kabla Baba hajarudi nikakilaza kidole juu ya fuawe, nikakigonga mara nne kikarefuka. Ukikitazama kwa kioo utaona mabonde manne. Bastola ikazunguka, lakini kwa kuchechemea, kama mtu mwenye kijiwe kiatuni.

Baba aliishika mara moja tu akajua. Mezani hakupaza sauti. Aliuliza, "Nani?"

Battista akanitazama, kisha akasema, "Mimi."

Baba akamwambia asiguse tena tupa zake. Hakumruhusu kushuka kwenye chumba cha kazi hadi Baba mwenyewe alipokufa. Ndiyo sababu mumeo alikwenda kunoa chuma cha watu wengine maisha yake yote, na meza ya kazi ya Baba nikapewa mimi. Niliikalia miaka miwili. Kila nikibana chuma kwenye jiliwa nilisikia nyayo za Battista juu, jikoni. Nikapanda meli. Tangu hapo kila Krismasi nilimwandikia habari za hali ya hewa.

Sasa sikiliza. Meno ya silinda mpya yametoka kwenye michoro ya jeshi, kwa hiyo ni sahihi. Kidole wamekinakili kutoka kwenye kosa langu. Ni kirefu mno kwa silinda ambayo meno yake hayajasuguliwa, kimezidi kwa unene wa karatasi mbili. Battista aliona ile mipigo minne akaitambua. Zile sita alizipunguza mwenyewe, kidole kimoja kimoja, bila kusema. Angesema kwa nini, angelazimika kusema ni nani. Nadhani alitaka kuzimaliza zote arobaini hivyo hivyo.

Nimemwandikia Marzia haya yote, na jina langu nimeliandika kamili. Barua ile aweza kumsomea yeyote, baani pia.

Wewe sijui nikuambie nini.

Ndugu yake,
Faustino


Inzino, 15 Septemba 2019

Tino,

Hujambo, na magoti je? Mimi ni mzima. Zabibu za ukutani zimeiva, nyigu wamekula nusu.

Nianze na baya. Barua yako ilinikasirisha siku tatu. Nilishusha mapazia yote nikayafua, hata ya chumba ambamo hakuna anayelala. Nilikuwa namhesabia Battista asubuhi zote alizopita mbele ya mlango wa chumba cha Baba yenu akiwa na chakula chake mkononi, akienda kazini kwa watu. Siku ya nne nikakumbuka alivyocheka. Mtu mwenye kinyongo hacheki vile. Basi nikayaanika mapazia.

Marzia aliisoma barua yako mbele ya wote. Oreste akachukua kidole cha ile bastola ya saba, akakipitisha tupa mara sita. Ikazunguka. Wamemaliza zote thelathini na nne, na mkataba haukuvunjwa.

Oreste alikuja kwangu na soseji nzima kwapani, akasimama mlangoni kama mtu wa kodi. Akasema, "Bi Ersilia, niliongea sana."

Nikamwambia, "Uliongea baani. Karudie maneno haya huko huko."

Alikwenda. Nimesikia kwamba alisimama kabisa, akavua kofia. Soseji niliipokea, ni nzuri.

Muhuri umepigwa kwenye bastola zote. Ya kwanza Marzia alinipa nyundo nipige mwenyewe. Nilikosea kidogo, herufi ikalala upande. Akakataa kuirekebisha.

Jambo la mwisho. Marzia alitutengenezea kidole kipya, sahihi, kwa ajili ya bastola ya babu. Wakakitia. Silinda haikusogea hata kidogo. Meno yale uliyoyasugua hayafikiwi na kidole sahihi. Kwa hiyo nimewaambia warudishe kile chako cha mipigo minne, nayo inazunguka, inachechemea vile vile. Iko kwenye droo ile ile, chini ya vitambaa vya meza.

Tarehe mbili Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, nitapeleka maua makaburini. Nitamwambia Battista kwamba umesema. Nawe siku hiyo, ukikaa kula, utukumbuke.

Dada yako,
Ersilia